Matawi Saba Makavu

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, mahali fulani kati ya Makambako na Mafinga, niliokota matawi saba makavu yaliyolazwa barabarani nikayatupa mtaroni. Najua saa kamili kwa sababu niliitazama. Nilitaka kuiandika kwenye daftari, kama ninavyoandika mambo yangu yote.

Tangu nirudi Iyunga mmekuwa mkinijia mmoja mmoja kuuliza kilichotokea, na kila mmoja amesikia kivyake. Wapo waliosikia kwamba nyuki wangu waliua mtu. Nyuki hawakuua mtu. Nimeona afadhali niandike mara moja, kituo baada ya kituo, ili atakayenilaumu anilaumu kwa nililolifanya. Habari za vibali na za maelezo ya polisi naziruka, hazina jipya.

Iyunga hadi Igurusi

Tuliondoka saa kumi na dakika hamsini alfajiri. Mzigo ulikuwa mizinga kumi na minne yenye nyuki hai, iliyonunuliwa na kikundi cha akina mama wa Ipogolo, Iringa, kwa shilingi laki moja na nusu kila mmoja. Jioni iliyotangulia nilisubiri nyuki wote warudi ndani, nikaziba milango kwa wavu wa chuma, nikafunika mizinga kwa magunia yaliyolowa. Nyuki waliofungiwa huuawa na joto lao wenyewe. Wakitulia, wanaweza kukaa hivyo hadi jioni. Wakishtuka wanapiga mbawa, joto linapanda, masega yanalainika na kuanguka, na mzinga mzima unaweza kufa ndani ya saa moja. Kwa hiyo kazi yangu njiani ilikuwa moja tu: wasishtuke.

Dereva alikuwa Ambakisye, mzaliwa wa Tukuyu, mwanaume wa miaka thelathini na kitu mwenye pikapu yake na maneno mengi. Mimi nilivaa kabisa ovaroli yangu nyeupe ya kazi, kofia ya wavu nikaipakata.

Hatujafika Uyole nikasikia harufu ya ndizi mbivu.

Inabidi nieleze. Nyuki mmoja akishtuka hutoa harufu ya kuwaonya wenzake, na harufu hiyo ni kama ya ndizi mbivu. Niliisoma kwanza kwenye kijitabu cha ufugaji, nikaithibitisha mwenyewe kwa pua kwa miaka kumi na tisa. Ukiisikia, una muda mfupi sana.

"Simama!" nilimwambia Ambakisye.

Nilipanda nyuma na tochi, nikaweka sikio kwenye kila mzinga. Yote kumi na minne ilikuwa ikivuma taratibu, kama sufuria ya maji inayokaribia kuchemka. Hakuna aliyeshtuka. Niliporudi ndani harufu ilikuwa kali zaidi. Niliinama chini ya kiti, nikavuta mfuko. Chane mbili za ndizi.

"Za shangazi yangu, yuko Mafinga," Ambakisye alisema. "Mzee, ndizi zangu zimekosa nini?"

"Zinasema uongo."

"Ndizi?"

Nilimweleza. Alicheka mpaka akalazimika kushika usukani kwa mikono miwili. "Basi mzee ngoja niziambie zinyamaze. Nyie ndizi, kimya! Mzee analinda wadudu wake."

Sikucheka. Nilimwambia kwamba kama harufu ile itabaki garini sitaweza kujua nyuki wakinionya kweli, na kwamba onyo la uongo ni baya kuliko kukosa onyo kabisa. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Igurusi, kulipokuwa kunapambazuka, tulizibadilisha ndizi kwa vitumbua na chai ya rangi kwa mama mmoja wa kando ya barabara. Ambakisye alimpa mfuko kwa masikitiko, akimshukuru kwa lugha ya kwao Tukuyu. "Chukua mama, ndaga. Hizi zina kesi."

Igurusi hadi Igawa

Baada ya Igurusi lori lililotoka mbele lilituwashia taa mara mbili. Ambakisye akafunga mkanda, akapunguza mwendo.

"Trafiki," alisema.

Tulikwenda hivyo, wapole kama waumini wanaotoka ibadani, mpaka akaona hakuna askari. Akakanyaga mafuta. Tulipokata kona tukakuta ng'ombe, kundi zima, katikati ya lami, mchungaji akiwa nyuma kabisa. Tulisimama hatua chache kabla ya pembe za kwanza. Dereva wa lori alikuwa ametuonya juu ya ng'ombe. Ambakisye alikuwa ameonywa mara nyingi sana juu ya trafiki, hata hakufikiri kwamba taa zinaweza kusema jambo lingine. Hilo niliandika.

Karibu na Chimala tulikuta majani. Kwa wasiosafiri njia hii: gari likiharibika barabarani, dereva hukata matawi na kuyalaza lamini nyuma na mbele ya gari, moja moja, kwa umbali, ili anayekuja apunguze mwendo kabla hajaliona gari lenyewe. Madereva huyaita majani tu. Kila mtu anayaelewa.

Ambakisye alishika breki ghafla, mizinga ikagongana nyuma, nikasikia mvumo wa nyuki ukipanda. Mbele yetu hapakuwa na gari. Palikuwa na doa la oili na matawi matano yaliyonyauka.

"Majani ya jana haya," Ambakisye alisema. "Mtu akishatengeneza gari lake anaondoka. Nani ataokota?"

"Mimi," nilisema.

Nilishuka nikayaokota yote. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hupenda kuwa na kanuni. Kanuni niliyoitunga pale ilikuwa hii: vunja kitawi, saga jani mkononi. Kikivunjika kikavu, matawi ni ya siku nyingi. Kisha tembea hatua sitini mbele. Kama hakuna gari, toa matawi yote, maana yakibaki yanawafundisha madereva kuyadharau matawi ya kweli. Kabla ya Igawa niliitumia kanuni yangu mara nyingine na ilikuwa sahihi.

"Mzee, barabara ya serikali hii, utaifagia yote mpaka Dar?" Ambakisye aliniuliza.

Nilimwambia kila mtu angefagia kipande chake, watu wasingekufa. Maneno hayo ni yangu, siwezi kuyakana. Ambakisye anayakumbuka pia.

Igawa hadi Makambako

Kutoka Igawa barabara inapanda, na baridi ya Julai ilitupokea. Tulifika Makambako saa mbili na nusu. Nililowesha magunia upya, tukakaa kwa mama aliyekuwa akiuza viazi vya kuchemsha na chumvi ya pilipili. Alipojua tumebeba nini alihamisha kigoda chake upande wa pili wa moto.

"Wakitoka?"

"Hawatoki, mama."

"Ndivyo mnavyosemaga."

Alikuwa na kuku mwenye vifaranga saba au wanane. Tulipokuwa tunakula, kuku alitoa mlio mmoja mrefu, mwembamba, na vifaranga wote wakatoweka chini ya pikapu kama waliofagiwa. Nilitazama juu. Hapakuwa na mwewe. Kulikuwa na kipande cha gazeti kinapeperuka.

"Huyu ndiyo zake," mama alisema. "Mara gazeti, mara kunguru. Kwa siku analia mwewe mara kumi. Mwewe mwenyewe nimemwona mara moja mwezi huu."

"Na vifaranga wanakimbia mara zote kumi?"

"Sasa?"

"Hawachoki?"

Alinitazama kama mtu anayejiuliza nimetoka wapi. "Wachoke waliwe?"

Niliyaandika maneno yale neno kwa neno, na saa. Niliyaandika kama ya kuchekesha. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na nane. Dakika ishirini na nne baadaye nilikuwa nimesimama barabarani na matawi mikononi.

Baada ya Makambako

Ukungu ulianza ghafla, pale miti ya misonobari inapoanza kusogelea barabara. Ambakisye aliwasha taa, akaenda mwendo wa baiskeli. Tuliona tawi la kwanza likiwa karibu kabisa na tairi, kisha la pili. Yalikuwa ya msonobari, upande wetu wa barabara.

"Majani," Ambakisye alisema akasimama.

Nilishuka. Sindano za msonobari zilikuwa rangi ya kahawia, na kitawi kilivunjika mkononi mwangu kama kiberiti. Nilitembea hatua sitini, nikizihesabu kwa sauti. Mbele ilikuwa nyeupe tupu. Nilisikiliza, sikusikia injini wala mtu. Je, niliita? Sikuita. Kanuni yangu haikuwa na kipengele cha kuita.

Niliporudi Ambakisye alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Mzee, kwa ukungu huu, tuyaache tu."

"Yamekauka. Hilo gari liliondoka siku tatu zilizopita."

"Haya, mwalimu."

Niliyaokota yote saba, nikayatupa mtaroni, nikaitazama saa.

Lori lilikuwa hatua mia moja na thelathini kutoka tawi la mwisho. Nilipima baadaye. Lilikuwa limebeba viazi vya Njombe, limesimama kwenye upande wetu baada tu ya kona, na riflekta iliyokuwa nyuma yake tuliiona tukiwa juu yake. Ambakisye alikata kulia, tukapita kando ya lori kwa upana wa mkono, pikapu ikayumba, ikasimama imekaa upande mbele ya lori. Nyuma nilisikia mbao ikipasuka. Kisha harufu ya ndizi mbivu, na safari hii hapakuwa na ndizi garini.

Mtu alitambaa kutoka chini ya lori. Alikuwa wa rika langu, mwenye koti lililoloa oili mpaka likawa jeusi. Baadaye nilijua jina lake, Kalisti. Alikuwa dereva wa lori lile, na alikuwa peke yake. Utingo wake alikuwa amedandia gari kurudi Makambako kutafuta beringi ya tairi la nyuma.

"Kamwene, wanyalukolo," alisema akihema, kwa salamu ya kwao Iringa. "Mnataka kunizika? Hamkuona majani?"

Ambakisye alinitazama. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, na nasema wazi kwamba niliifikiria.

"Niliyatoa mimi," nilisema.

"Umeyatoa?"

"Yalikuwa makavu. Nilidhani ni ya zamani."

"Makavu!" Alipiga mikono pajani. "Baba, hapa ni shamba la miti. Nikate tawi bichi, bwana misitu anikute nalo? Nimeokota haya yaliyobaki walipopunguza miti, yamejaa humo ndani. Kila dereva wa njia hii anafanya hivyo. Wewe umetokea wapi?"

"Iyunga."

"Iyunga hakuna misonobari?"

Nyuki walikuwa wameanza kutoka kwenye mzinga uliopasuka. Mmoja alimchoma shingoni, akamkung'uta bila kuacha kunitazama. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitegemea: alicheka, kifupi.

"Haya. Ondoa wadudu wako kabla hawajatumaliza. Sogea mbele kabisa. Majani nitayarudisha mwenyewe."

"Nakuja kukusaidia," nilisema.

"Malizana na hao kwanza." Alikuwa tayari anaelekea ukingoni mwa barabara, pale miti ilipoanza. Akageuka. "Mnafika Ipogolo? Mwambieni mama Beata, mke wangu, ana banda la chakula nyuma ya gereji za malori. Mwambieni nitachelewa. Simu imezima chaji. Na asali mwachie kidogo, hiyo iwe faini yako."

"Nitamwachia."

Mara ya mwisho kumwona akiwa amesimama, alikuwa amejitwisha matawi saba makavu begani, akiingia kwenye ukungu na koti lake jeusi.

Tulisogeza pikapu hatua mia mbili mbele. Sababu niliyojipa ni kwamba nyuki wasimdhuru. Ni sababu ya kweli. Lakini kulikuwa na nyingine ya kweli vilevile: mizinga kumi na mitatu iliyobaki ilikuwa imeanza kunguruma, na nilijua wanavyokufa. Nilivaa kofia ya wavu, nikapanda nyuma, nikaanza na ule uliopasuka. Ambakisye alijifungia ndani.

Nilisikia honi ndefu, kisha matairi, kisha mshindo usio mkubwa. Baada ya hapo kimya.

Ambakisye alifungua mlango akakimbia. Mimi nilikuwa na mkono ndani ya mzinga. Nilimaliza kuziba ufa. Hilo nalo naliandika. Ilinichukua labda dakika moja na nusu.

Nilipofika, basi dogo la abiria lilikuwa limesimama likiwa limepinda, abiria wanashuka, mwanamke mmoja anapiga yowe. Dereva alikuwa amekaa lamini. Aliponiona nikitoka kwenye ukungu alisimama wima, mikono ubavuni.

"Afande, sikumwona," aliniambia. "Haki ya Mungu, afande. Alikuwa mweusi. Ningeona nguo nyeupe kama hiyo yako ningesimama, ningejua trafiki."

Nilimwambia mimi siyo trafiki. Aliendelea kuniita afande.

Kalisti alikuwa kando ya barabara, amelala ubavu, macho wazi. Alikuwa ameanza kuweka matawi kutoka kwenye lori kurudi nyuma. Manne yalikuwa yamelazwa kwa mstari mzuri. Matatu alikuwa bado ameyakumbatia. Nilipiga magoti. Alinitazama mimi, akayatazama matawi.

"Malizia hayo," alisema.

Wakati wakimpakia kwenye basi kumpeleka Mafinga, mimi nilikuwa nalaza matawi matatu nyuma zaidi, nikihesabu hatua. Kisha nilisimama kwenye tawi la mwisho na ovaroli yangu nyeupe, nikipunga mikono. Magari tisa yalikuja moja baada ya jingine. Yote tisa yalisimama. Madereva kadhaa walifunga mikanda waliponiona. Utingo alirudi na beringi, nikamwachia nafasi yangu pamoja na kofia ya wavu, maana nayo ni nyeupe. Aliuliza bosi wake yuko wapi. Ambakisye ndiye aliyemjibu.

Mafinga

Tulifika hospitali saa nne na dakika hamsini na tano. Muuguzi alitusikiliza, akaingia ndani, akarudi.

"Nyie ni ndugu?"

"Hapana," nilisema. "Tulikuwepo."

"Amefariki kabla hawajamfikisha mlangoni." Alishika simu ya Kalisti, iliyozima. "Ndugu zake mnawajua?"

"Tunamjua mke wake anapouza chakula."

"Basi nani atamwambia?"

Ambakisye alitoka nje. Nilimkuta ameegemea pikapu, sikio karibu na mizinga.

"Wamenyamaza, mzee," alisema. "Wamekufa?"

"Hapana. Wametulia."

"Wametulia," alirudia. Tangu hapo hakufanya tena mzaha mpaka Ipogolo. Kwa shangazi yake hatukupita.

Ipogolo

Kwenye mteremko wa mwisho niliutazama mji wa Iringa juu ya kilima na Ipogolo chini yake, malori yamepangana, nikaona kwamba katika miaka yote ya kusoma kwangu sikuwahi kusoma namna ya kupeleka habari ya kifo. Saa saba na robo tulifika kwa Mama Eliza, mwenyekiti wa kile kikundi kilichonunua nyuki. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama uani kwake. Nilipomaliza aliketi.

"Kalisti huyu wa mama Beata? Tunasali naye kanisa moja."

"Nimetumwa ujumbe kwake. Nitakwenda sasa."

"Huendi." Alinyanyuka tayari. "Mgeni hapeleki habari hiyo. Atakufia mikononi. Nitakusanya kina mama na mzee wa kanisa, itachukua kama nusu saa. Nyinyi mmekula?"

"Tangu viazi vya Makambako, hapana."

"Basi nendeni mkale kwake."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Saa hizi anafunga anakwenda sokoni," alisema. "Akikutana na utingo yeyote njiani atajua vibaya, barabarani, peke yake. Mkikaa mnakula hawezi kuondoka. Kuleni polepole. Na usimwambie kitu, baba. Sura yako hiyo, ifiche kwenye sahani."

Banda la mama Beata lilikuwa nyuma ya gereji, safi, na meza mbili. Alikuwa anasuuza sufuria. Tulipoagiza alivuta pumzi, akapuliza moto upya.

"Nilikuwa nafunga, kaka zangu. Kuna ugali na maharage. Nyama imeisha."

Alituletea na mboga ya majani ya maboga ambayo hatukuiagiza. Aliitazama ovaroli yangu. "Wewe ni daktari wa ng'ombe?"

"Mfuga nyuki."

"Ee! Mnatoka wapi?"

"Mbeya," alisema Ambakisye, akainamisha kichwa haraka.

"Basi mtakuwa mmepishana na mzee wangu. Yuko na lori la viazi. Alisema saa nne atakuwa hapa, na huyo akisema saa nne ujue saa nane." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesoma ratiba.

Nilikuwa na chupa ya asali mfukoni. Nilikuwa nimeahidi. Niliiweka mezani.

"Tumemkuta njiani," nilisema. "Ameagiza nikuachie hii. Amesema atachelewa."

Aliichukua, akaigeuza juani, akacheka. "Kalisti! Miaka ishirini na mbili hajawahi kununua asali. Amefanya kosa gani huyu?"

Ambakisye alisukuma sahani yake. Mimi niliendelea kula. Nilikula kila tonge polepole, kama nilivyoambiwa, na chakula kilikuwa kizuri, na sitasahau kwamba kilikuwa kizuri.

Mwanamke wa kwanza alikuja akiwa amejifunga khanga kiunoni, kama waendao msibani. Alisalimia, "Kamwene," akaketi kwenye benchi, hakuagiza kitu. Mama Beata alimuuliza habari za watoto. Akaja wa pili, naye khanga kiunoni, akaketi karibu na moto, akainua sufuria ya maharage ya jioni iliyokuwa ikichemka akaitenga chini. Mama Beata alianza kusema kwamba hayajaiva, akaacha. Akaja wa tatu. Nyuma yake, mbali kidogo, mzee wa kanisa alikuwa amesimama ameshika kofia mkononi, hakuingia.

Mama Beata aliwatazama mmoja mmoja, viunoni, siyo usoni. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwake.

"Ni Beata," alisema, "au ni baba yake?"

Mama Eliza alikuwa ameshafika nyuma yake na kumshika mabega. Mama Beata alipolia, malori yaliyokuwa gereji yalizima injini, moja, kisha jingine, mpaka yote.

Kukaa na kurudi

Jioni ile, giza lilipoingia, niliipanga mizinga mahali pake na kufungua milango. Nyuki walitoka wachache, wakazunguka, wakarudi. Mizinga kumi na mitatu ilikuwa salama. Ule wa kumi na nne, niliobaki nikiuziba wakati mtu amelala barabarani, ulikuwa umekufa wote. Masega yalikuwa yameanguka chini kama tope.

Nilikaa Ipogolo mpaka msiba ulipokwisha. Ambakisye pia alikaa, akabeba maji, akapasua kuni, na jioni akachochea moto waliouota wanaume. Siku ya mwisho niliomba kuonana na mama Beata. Mama Eliza alikaa pembeni. Nilimweleza mama Beata habari ya matawi tangu mwanzo: Chimala, kanuni yangu, hatua sitini, kwamba sikuita. Nikamweleza habari ya ovaroli nyeupe. Alisikiliza akiwa ametazama chini.

"Alikukasirikia?" aliuliza.

"Kidogo. Kisha alicheka."

"Ndiyo zake. Wewe ulikuwa na haraka ya nini?"

"Nyuki."

"Walifika?"

"Walifika."

"Wote?"

"Kumi na mitatu. Mzinga mmoja ulikufa."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza bei akatajiwa. Nilitoa fedha zote nilizolipwa na kikundi, shilingi milioni moja, laki tisa na hamsini elfu, nikaziweka kwenye mkeka mbele yake. Hakuzigusa.

"Zichukue," alisema. "Zikilala humu ndani, kesho watu watasema nimemuuza. Ile asali nitabaki nayo. Ile ameagiza mwenyewe."

Nilimtazama Mama Eliza. Alinionyesha kwa kidevu nizichukue. Nilizichukua.

Tulirudi siku iliyofuata, kukiwa na jua. Tulipokaribia mahali pale Ambakisye alipunguza mwendo kabla sijamwambia. Lori halikuwepo, lilikuwa limeshavutwa. Matawi yalikuwepo. Nilihesabu: saba, kwa mstari, manne kwa umbali aliopima yeye na matatu kwa umbali niliopima mimi. Hapakuwa na hatari yoyote mbele yake. Ambakisye alisimamisha gari, akasubiri nishuke.

Sikushuka. Baada ya muda alitia gia, akayapita yote saba kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kukanyaga hata moja.

Nyumbani nilifanya hesabu kama ninavyofanya baada ya kila safari. Mafuta na malipo ya Ambakisye yalikuwa yameshakatwa kwenye makubaliano. Viazi vya Makambako na ugali wa Ipogolo havikuzidi matumizi ya kawaida. Kilichopotea ni mzinga mmoja. Hasara yangu yote katika safari ile ni shilingi laki moja na hamsini elfu.